Picha ya Msimamizi wa Biskuti

Wajukuu zangu wakisikia kwamba nilifanya kazi kiwandani Hayes, pembeni mwa London, miaka ile tulipofukuzwa Uganda, huniuliza kama niligoma. Shuleni wamesoma habari za akina mama wa Kihindi waliosimama nje ya viwanda vya London na mabango mikononi, mvua inawanyeshea, nao wanatamani sana bibi yao naye awe alisimama. Inanibidi niwaambie ukweli. Mimi sikusimama popote. Siku kiwanda chetu kiliposimama, nilikuwa chooni.

Tulikuwa tunatengeneza biskuti zenye krimu katikati. Kazi yangu ilikuwa kuzitazama zikipita kwenye mkanda na kuondoa zilizovunjika. Ukizitazama saa nane kwa siku, ukifumba macho bado zinapita. Msimamizi wetu alikuwa Mwingereza mfupi, masharubu membamba, viatu vinavyolia. Alikuwa amekabidhiwa wanawake arobaini na mkanda mmoja, akaamua kututawala sisi na mkanda kwa kutumia kibao.

Kibao chenyewe kilikuwa na ukubwa wa kile cha kukatia vitunguu, kimetobolewa na kutiwa kamba. Ukitaka kwenda chooni unakwenda mezani kwake, unaomba, unakivaa shingoni, unakwenda, na unarudi kabla ya dakika tatu kwisha. Kibao kimoja, wanawake arobaini. Ukichelewa unapewa onyo la maandishi, na maonyo matatu ni kufukuzwa. Dakika tatu! Sisi tulivaa sari, au shalwari yenye kamba, juu yake sweta mbili kwa sababu ya baridi, juu ya sweta koti la kazi, juu ya koti aproni. Dakika tatu zilikwisha mtu bado anatafuta fundo.

Mimi nilikuwa nimeshapata maonyo mawili, na sababu ilikuwa tumboni. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano ambayo hakuna mkubwa yeyote kiwandani aliyepaswa kuijua, maana wenye mimba hawakuwekwa. Na kazi ile siwezi kusema niliipenda, ila niliihitaji kuliko chakula. Nilizaliwa Mombasa, nikaolewa Jinja. Pasi yangu mimi ilikuwa ya Kiingereza. Ya mume wangu, baada ya makaratasi kuchanwachanwa kwenye ofisi za Kampala, haikuwa ya nchi yoyote. Kwa hiyo Jenerali alipotufukuza, mimi nilipandishwa ndege ya London, yeye akapelekwa kambi ya wakimbizi kwenye milima ya Austria. Kutoka huko aliniandikia kuwa wanakula viazi asubuhi, viazi mchana, na usiku supu ya viazi.

Afisa wa uhamiaji aliniambia waziwazi: leta barua ya mwajiri kwamba una kazi ya kudumu na rekodi safi, ndipo tutalifungua faili la mumeo. Rekodi safi! Nami nina maonyo mawili, na mtoto ameketi juu ya kibofu changu kama amelipia kiti.

Msiniulize kuhusu chama cha wafanyakazi. Kilikuwapo. Mjumbe wake, mtu mwema sana mwenye sweta ya kahawia, alitusikiliza mpaka mwisho, akaandika, akasema suala la kibao litaingizwa kwenye ajenda baada ya likizo ya kiangazi cha Uingereza, mwezi wa nane. Ilikuwa Februari.

Kulia kwangu kwenye mkanda alikaa mwanamke tuliyemwita Bibi, ametoka Unguja baada ya Mapinduzi, miaka sitini na kitu, mikono yake myepesi kuliko yetu sote. Kushoto alikaa dada mmoja wa Kisumu, Mgujarati, Mhindu safi, asiyekula hata yai, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha dukani na Kiingereza chake kilikuwa cha shule nzuri. Sisi watatu tulizungumza Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha pekee tuliyokuwa nayo sote. Msimamizi alidhani ni Kihindi, nasi hatukuona haja ya kumsahihisha.

Siku niliyopata onyo la pili nililia wakati wa chai. Bibi aliniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Mwanangu, tabu ya huyu bwana mimi naijua. Hana picha."

"Picha gani, Bibi?"

"Ya ukutani. Umeona wapi mkubwa asiye na picha ukutani? Ndiyo maana anahangaika. Kutwa anapita akituonyesha uso wake, kwa sababu uso wenyewe haujatundikwa mahali."

Dada wa Kisumu aliweka kikombe chini. "Lakini hii iko London, Bibi. Hapa watu hapana weka picha ya supavaiza."

"Wamewahi kujaribu?"

Hakuna aliyejua kama wamewahi kujaribu.

Hapo inafaa nieleze, maana wajukuu zangu hili hawalielewi hata ukiwachorea. Kule kwetu huwezi kufungua duka bila picha ya mkubwa ukutani. Sisi Jinja tulikuwa na Jenerali, juu ya marobota ya vitambaa, medali mpaka kiunoni, na kila asubuhi mume wangu alimpangusa vumbi kabla ya kupangusa kaunta. Hatukumpenda. Lakini askari akiingia dukani, jicho lake lilikwenda kwanza ukutani, na likiridhika huko lilikuwa halina hamu kubwa ya kushuka chini.

Bibi alituhadithia kuwa duka la baba yake Unguja lilikuwa na fremu moja tu. Kwanza ilimbeba Sultani. Sultani akafa, wakamweka mwanawe juu yake. Kisha mwingine. Kisha Mapinduzi, na usiku uleule fremu ikafunguliwa tena. "Hatukuwatoa wa zamani," alisema. "Tuliwapanga mmoja juu ya mwenziwe, kama chapati. Hujui nani atarudi."

"Na nyuma kabisa?" nilimuuliza.

"Nyuma kabisa alikuwa marehemu mama. Yeye ndiye tuliyemweka kwa mapenzi. Hao wengine walikuwa wanamlindia mlango."

Basi tukamtuma dada wa Kisumu, mwenye Kiingereza, akaombe picha. Msimamizi alimsikiliza, akamwomba arudie, kisha akawa mwekundu kuanzia shingoni mpaka masikio. Aliuliza ni ya nini. Dada akamwambia ni ya heshima. Inaonekana katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumwomba yule bwana picha, maana ilimchukua siku tatu kuipata, na alipoileta ilikuwa moja tu: yeye mwenyewe ufukweni, amevaa kaptura ya kuogelea, askrimu mkononi, kando yake punda wa kukodi.

Shemeji wa dada wa Kisumu alikuwa na studio ya picha Southall, mtaa jirani wa Wahindi. Alifanya kazi kubwa. Aliikata kaptura, akaiondoa askrimu, akamchorea msimamizi kola na tai. Punda pia aliondolewa, isipokuwa sikio moja lililokataa katakata kutoka, likabaki limesimama nyuma ya bega la kushoto. Tulijadiliana kama lionekane au lisionekane. Bibi akasema hata Sultani alipigwa picha na watu nyuma yake.

Fremu ya dhahabu alileta Bibi, sikuuliza kutoka wapi. Tukaitundika chini ya saa.

Sasa nitasema jambo ambalo wajukuu hawalipendi: dawa ilifanya kazi. Kila asubuhi msimamizi alipoingia alikwenda kwanza kwenye picha, akaiweka sawa ingawa ilikuwa sawa. Alianza kuchana nywele. Masharubu aliyapunguza yafanane na ya kwenye fremu. Na kwa kuwa picha ilikuwa chini ya saa, akiitazama saa kuhesabu dakika zetu, jicho lake lilishukia kwenye uso wake na kukaa hapo. Nilikuwa napata dakika nne, siku nyingine tano. Dada wa Kisumu aliona aibu. "Sisi naabudu mtu ya biskuti," aliniambia siku moja kwa uchungu kabisa, "na baba yangu alisomesha mimi Kisumu mpaka Form Six." Mimi sikuona aibu. Ningemfukizia ubani kama ungeniletea mume wangu. Aibu ilikuja miaka mingi baadaye, ikakaa wiki moja hivi, ikaondoka.

Kisha tukatangaziwa kuwa mwenye kiwanda anakuja kututembelea.

Msimamizi akarudi kuwa yule wa zamani, tena zaidi. Siku ya ugeni, alisema, hakuna kwenda chooni tangu saa tatu mpaka saa tano. Kibao akakifungia kwenye droo ya meza yake. Kwa upande wetu tulijiandaa kama tulivyojua: mgeni mkubwa huvishwa koja la maua. Dada wa Kisumu akaleta koja la maua ya manjano kutoka Southall, zito, la kumfika mtu tumboni, akalificha ndani ya boksi tupu chini ya mkanda.

Saa nne kasoro, mtoto wangu aliamua kugeuka. Wanawake wenzangu mtanielewa. Nilimtazama msimamizi, nikautazama mlango, nikajua kuwa hapa nitapata aibu ya aina moja kati ya mbili. Nikaondoka bila kibao.

Yaliyofuata nilisimuliwa na dada wa Kisumu, ambaye huongeza chumvi lakini hubaki mlemle kwenye chungu.

Msimamizi aliniona nikitoka. Hakupiga kelele. Alikwenda mezani, akatoa karatasi ya onyo, akaandika jina langu kwa mwandiko wa kupendeza, akaikunja na kuishika mkononi. Kisha akatoka kwenda getini kumpokea mwenye kiwanda. Ilikuwa wazi kwamba akirudi tu, mimi sina kazi, na mume wangu atakula viazi mpaka kiyama.

Bibi aliyaona yote hayo. Akavuta boksi, akatoa koja, akapanda juu ya kreti, akalivisha lile koja kwenye picha ya msimamizi.

Dada wa Kisumu alishtuka. "Bibi, hapana! Kwetu maua kwa picha iko ya mtu alikufa!"

Ndivyo ilivyo. Nyumba za Wahindu, aliye hai utamvisha koja shingoni akitoka safari au akioa, lakini picha yake huivishi. Picha ikivaa maua, mwenyewe ameshachomwa na majivu yameshakwenda mtoni.

"Kweli?" Bibi alisema, akaendelea kulinyoosha koja ili pande zote mbili zishuke sawa. Kisha akashuka, akarudi mahali pake, akaendelea kuchambua biskuti.

Wakati huohuo wanawake wa upande wa kupakia walikuwa wanarudi kutoka chai, kumi na wanane, karibu wote Wagujarati wa Kampala, Nakuru na Mwanza. Wa kwanza alifika chini ya saa, akainua macho kutazama saa, akaona koja. Akaangusha bilauri yake. Wa pili akatazama alipotazama wa kwanza. Kabla ya dakika kwisha wote kumi na wanane walikuwa wamejitanda vichwa na kuangua kilio. Wenzetu Wapunjabi wakauliza kuna nini, wakaambiwa msimamizi amefariki, nao wakaingia. Mtu akauzima mkanda kwa heshima. Lakini mashine ya krimu hakuna aliyekumbuka kuizima, ikaendelea kumwaga krimu juu ya biskuti zilezile, mlima mweupe unapanda na kuanza kushuka sakafuni.

Na kwa kuwa maiti lazima asifiwe, wakaanza kumsifu. Kazi haikuwa rahisi. Mmoja akasema alikuwa mtu wa kufika kwa wakati. Mwingine akasema hakuwahi kuiba biskuti. Mwanamke mmoja wa Mwanza, aliyewahi kupewa maonyo mawili kama mimi, alisema kwa machozi kuwa marehemu alikuwa na mwandiko mzuri.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia mwenye kiwanda, mzee mrefu mwenye kofia mkononi, na nyuma yake msimamizi na karatasi yangu.

Mwenye kiwanda aliuliza kuna msiba gani. Yule wa Mwanza, bila kugeuka, akamjibu kwa Kiingereza kwamba msimamizi wao mpendwa amefariki leo asubuhi, na Mungu awape nguvu. Mzee akamtazama msimamizi. Msimamizi akatazama picha yake, ina maua mpaka chini na sikio la punda linachungulia. Kisha wanawake wakageuka, wakamwona amesimama.

Ukelele ule niliusikia mimi chooni. Nilidhani mtu amenaswa na mashine. Wawili walizimia, mmoja akaangukia kwenye krimu, na hilo lilimfaa, maana hakuumia.

Kulipotulia, mwenye kiwanda alizungumza. Alisema amemiliki viwanda tangu ujana wake, na hajawahi kuona wafanyakazi wakimlilia msimamizi. Kumpigia mayowe, ndiyo. Kumlilia, hapana. Akampa msimamizi mkono, akautikisa kwa muda mrefu. Na msimamizi, ambaye tulikuja kujua baadaye kuwa aliishi peke yake Hayes na redio, aliangua kilio mbele ya wote. Hakuwa na leso. Akapenga kamasi kwenye alichokuwa nacho mkononi.

Ndipo nikatokea mimi. Dakika kumi na moja, sina kibao, koti nimelifunga kombo. Nikakuta mlima wa krimu, wanawake wamejitanda, maua kwenye picha, msimamizi analia, na wote wananitazama. Akanijia akipangusa macho. Aliniuliza nilikuwa wapi.

Sikuelewa chochote. Lakini nyuma yake Bibi alikuwa anajipitisha kidole chini ya jicho, polepole, kutoka juu kwenda chini, anaonyesha machozi.

"Nilikuwa chooni, bwana," nikasema. "Nalia."

Akaniangalia. Akaangalia na koti langu lililofungwa kombo, na tumbo ambalo koti halikuweza tena kulificha. Karatasi ilikuwa mkononi mwake, imelowa na kukunjamana, jina langu halisomeki. Akaitupa kwenye pipa la biskuti zilizovunjika, akanivutia kiti. Kibao hatukukiona tena. Wiki iliyofuata aliniandikia barua ya uhamiaji kwa mwandiko wake mzuri, na aliandika kwamba mimi ni mfanyakazi mwenye moyo. Sikumsahihisha hapo pia.

Nilimuuliza Bibi siku hiyohiyo tukivua aproni. Miaka yote Unguja aliishi mtaa mmoja na Wahindu, alikuwa hajui kweli maana ya maua kwenye picha?

"Mimi mzee, mwanangu," alisema. "Nitajulia wapi?" Akafunga mkoba wake akawahi basi.

Mume wangu alifika mwezi wa sita, mtoto ana wiki mbili. Alitoka mlango wa uwanja wa ndege amekonda, ana kibegi kimoja, na kwapani amebana kitu bapa kilichofungwa gazeti. Tulipofika chumbani alikifungua. Alikuwa Jenerali. Jenerali wetu wa dukani, medali zote, fremu yote.

Nilichemka. Nilimwambia vyombo vya mama yangu vimebaki, mashine ya kushona imebaki, bangili zangu zimebaki, na yeye nusu ya dunia amembeba huyu? Aliomba kisu cha mezani, akaigeuza fremu, akang'oa misumari mmojammoja. Nyuma ya Jenerali ilikuwa picha ya harusi yetu. Kwenye vizuizi saba vya njia ya Entebbe askari walimvua saa, wakamvua pete, wakamvua viatu. Wakifika kwenye ile fremu, walimpigia Jenerali saluti na kumrudishia. Nililia wakati ule kuliko siku zote za kiwandani, na sikuhitaji kwenda chooni.

Jenerali tulimtandika ndani ya droo ya nepi, ambako alitumika vizuri mpaka akageuka manjano. Picha ya harusi tukaitundika.

Bibi alikuja Jumapili kumtazama mtoto. Alileta halua, akamsomea mtoto dua, kisha akasimama mbele ya ile fremu, akaiweka sawa kwa kidole ingawa ilikuwa sawa. Alitutazama mle ndani kwa muda, mimi na mapambo yangu, mume wangu na suti ya kuazima.

"Wazuri," alisema. "Na nyuma mmemweka nani?"

"Hakuna mtu, Bibi. Nyuma ni ukuta tu."

Hakuamini. Akaiinua fremu kidogo akachungulia. Kisha akairudisha, akakaa kitandani na mtoto wangu mapajani.

"Basi mmefika," akasema.